Kipande Tulichokipalilia Mno

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Leo tumegawiwa madaftari. Yana jalada la njano lisilopenya maji, na Aketch anasema ni ya kuandikia mimea: tarehe, hali ya hewa, kilichoonekana. Nilimwuliza kama naweza kuandika Kiswahili. "Mama Iteka, andika vile unataka, bora uandike," akasema. Basi nitaandika nitakavyo, pamoja na mengine ambayo si mimea.

Aketch ni Mkenya. Amesomea mimea chuo kikuu na ndiye msimamizi wa mbuga hii, ingawa kwa umri angeweza kuwa mwanangu. Mbuga yenyewe ni ndogo. Iko Smithfield, mwisho wa barabara ya maghala, nyuma ya kiwanda cha madirisha: nyasi, miti michache, uzio, na kibao cha serikali kinachosema mahali hapa panalindwa. Aketch anasema zamani nyanda zote, kutoka hapa hadi Penrith, zilikuwa hivi. Vimebaki viraka.

Sisi ni wanawake sita wa kanisa letu la Guildford, Warundi wanne na Wakongo wawili. Tumepewa kipande kimoja tukitunze, hatua ishirini kwa kumi na tano. Kazi yetu ni kung'oa majani ya kigeni yanayosonga nyasi za hapa. Mabaya kuliko yote yanaitwa lovegrass.

"Yenyewe ilitoka wapi?" akauliza Chibalonza, rafiki yangu wa Bukavu.

"Africa," akajibu Aketch.

"Njo kusema tumevuka bahari yote juu ya kuja kung'oa jirani."

Tulicheka sote, hata Aketch ambaye si mwepesi wa kucheka.

Nina miaka kumi na moja katika nchi hii na sijashika udongo. Nakaa ghorofa ya pili, nafua mashuka ya nyumba ya wazee. Kambini Tanzania tulikuwa vibarua kwenye mashamba ya watu, maana wakimbizi hawakuruhusiwa kulima nje ya mipaka. Kipande hiki si changu, najua. Lakini kabla ya leo serikali haikuwahi kuniambia, Bibiane, shika hapa, tunza. Nimefurahi, na sioni haya kusema.

Jumamosi, 16 Agosti

Upepo wa baridi, maana huku Agosti ni majira ya baridi. Aketch alitueleza mambo mengi kwa Kiingereza, mbiombio, akionyesha huku na huku. Nilikuwa nautazama udongo. Ni mfinyanzi mweusi, mzuri, unaoshikana.

Jumamosi, 23 Agosti

Aketch anaumwa. Alituma ujumbe kwamba tuendelee wenyewe, mimi niongoze kwa kuwa ndimi mkubwa. Nimeongoza.

Tulikuja na majembe yetu. Chibalonza lake alilinunua Fairfield na kulitia mpini mrefu wa kwao. Tulijipanga mstari mmoja, kila mmoja na ngwe yake, tukaanza chini kwenda juu, huku tukiimba. Madereva wa maroli walisimama kututazama.

Ndani ya kipande palikuwa na vijiti vikavu, vifupi kama kidole, arobaini na kimoja. Kila kimoja kilichomekewa waya wenye kibati cha namba. Chibalonza akaniuliza tuvifanyeje. Nikasema, kilichotiwa alama ndicho kinachotoka. Kambi yetu ya kwanza ilipofungwa, nyumba zilipigwa alama nyekundu mlangoni, na wiki ya pili zikabomolewa. Mti ukichorwa leo, kesho shoka. Sijaona serikali ikitia alama kitu ili kikae.

Vibati sikuvitupa, ni mali ya watu. Niliwaambia kila mmoja aviweke juu ya jiwe mwisho wa ngwe yake, kimoja juu ya kingine, kwa jinsi alivyovikuta.

Saa nane mchana hapakuwa na jani hata moja. Udongo ulilala laini kama unga. Sijalala na mgongo unaouma vizuri hivi tangu nihame Afrika.

Jumatatu, 25 Agosti

Aketch amenipigia simu kazini, nikiwa katikati ya mashine. Hakupaza sauti. "Mama Iteka, mmefanya nini?"

Nikamwambia tumesafisha. Akasema tukutane mbugani Jumamosi.

Jumamosi, 30 Agosti

Nitaandika yote, yaliyo mazuri na yaliyo ya aibu.

Tumeitwa mbugani asubuhi. Alikuwepo Aketch na afisa wa mimea wa halmashauri, mwanamke mzungu mwenye kofia pana na sauti ya upole. Upole wake ulinitisha kuliko kelele. Vile vijiti, alisema, ni mmea unaoitwa pimelea. Duniani haumei popote ila pembe hii ya nchi. Wakati wa kiangazi na baridi kali hujikausha juu, ukadhani umekufa, kumbe umejificha. Vibati ni vya kuuhesabu mwaka hadi mwaka. Pamoja nao tumeng'oa nyasi za hapa, zile za kulindwa, mpaka mizizi.

Nilimtazama Chibalonza, naye akatazama viatu vyake.

Aketch alinigeukia. "Si niliwaambia Saturday ile? Hizo tags ni za kulinda."

"Uliniambia kwa Kiingereza, unakimbia, upepo unavuma."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza kama ungesimama."

Afisa alitaka kujua tunasema nini. Aketch hakutafsiri. Hapo nikaelewa kwamba anayeweza kufukuzwa kazi si mimi. Ni yeye aliyewaachia mbuga ya serikali wanawake sita wenye majembe. Nikasogea mbele, nikasema kwa Kiingereza changu, "Me. She is sick. I tell them to do it. Only me."

Afisa aliandika. Kisha akasema kipande kitafungwa na kupewa kampuni ya kutunza mbuga. Nikauliza kama mmea umekufa. Akatazamana na Aketch. Aketch akasema pimelea ina mzizi mnene, unaoingia chini kama karoti. Kama jembe limekata juu tu, huenda ukachipua. Huenda. Wakazungumza wao kwa wao muda mrefu.

Hukumu ni hii. Watu wawili tu, mimi na Chibalonza, bila jembe. Tarehe 5 Desemba afisa atakuja kuhesabu. Kati ya arobaini na moja zikirudi ishirini, kundi letu linabaki. Zisipofika, tunatoka na hatuitwi tena.

Nilisema zitafika. Sijui nilisema kwa nguvu ya nani, lakini nilisema.

Walipokuwa wanaondoka afisa alilalamika jambo jingine: hata zikichipua, nani atajua ipi ni namba ngapi? Ramani ya simu inakosea hatua mbili tatu, na nyaya zenye vibati tumezing'oa. Nikamshika Aketch mkono, nikampeleka kwenye mawe. Marundo sita ya vibati yalikuwepo bado, kila moja mwisho wa ngwe yake. Cha chini kabisa ndicho kilichokutwa kwanza.

Aketch alipiga magoti pale. "Mama," akasema, akaanza kuzisoma namba.

Jumapili, 31 Agosti

Tumekosa ibada. Mimi, Chibalonza na Aketch tumerudisha vibati, ngwe baada ya ngwe, tukipapasa vigutu kwa vidole. Nimetembea ile mistari kichwani kama ninayetembea nyumbani kwa mama. Tumevirudisha vyote. Aketch alikagua kwa picha zake za mwaka jana, akakuta hatukukosea hata kimoja. Alininunulia chai. Bado amekasirika, na ana haki.

Jumamosi, 6 Septemba

Hakuna kitu. Ndege wa huku, mweusi na mweupe, ana kinda mtini na anatushambulia vichwani. Chibalonza amevaa ndoo ya aiskrimu kichwani.

Jumatano, 10 Septemba

Kuna kitu. Kwenye ngwe ya Chibalonza, kwenye mstari ulionyooka: majani mawili mawili, ya kijani, yenye afya. Nilidhani ni pimelea. Niliinama, nikatazama vizuri. Maharage.

Nilimpigia simu hapo hapo. "Umepanda maharage kwenye mbuga ya serikali?"

"Ilikuwa siku ile ile, dada. Udongo ilikuwa inalala bure, njo nikatia mbegu kidogo tu. Nilisahabu."

"Umesahau?"

"Sikusahabu. Niliogopa kukuambia."

Nimeyatoa yote, thelathini na tatu, moja moja, nikiyakata kwa kisu kama alivyonifundisha Aketch, nisisumbue kilicho chini. Yalikuwa yanaelekea kuwa mazuri sana. Nilitaka kulia, sijui kwa ajili ya pimelea au ya maharage.

Jumamosi, 20 Septemba

Mvua hakuna. Nimemweleza Aketch habari ya maharage, maana sitaki siri tena kwenye kipande hiki. Aligeuka akatazama uzio muda mrefu. Mabega yalikuwa yanacheza. Alikuwa anacheka.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimegombana na Iteka, binti yangu. Ana miaka kumi na tisa, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Amechoka kuniona naamka kila siku kupanda basi la Smithfield kabla ya kazi. "Mum, it's just grass. And you're literally pulling out the African ones. Don't you see how messed up that is?"

Nilimwambia nyasi ni nyasi, na mimi ni mtu. Lovegrass haikuomba viza, haikukaa kambini miaka kumi na minane, haina aibu. Mimi ninayo, na naifanyia kazi.

Alisema ninajiadhibu. Labda. Lakini naijua adhabu, na hii siyo.

Ijumaa, 3 Oktoba

Hili ndilo lililonipata. Pale tulipoacha udongo wazi, lovegrass imeota kwa maelfu. Aketch anasema mbegu zake hulala ardhini zikingoja mtu mpumbavu aje na jembe. Hakusema mpumbavu, nimeongeza mimi.

Sasa tunapiga magoti na kung'oa kwa vidole. Na katikati yake zimo nyasi changa za hapa, zinazofanana nazo hasa. Aketch amenionyesha tofauti: ya hapa shina lake chini ni bapa, ukilizungusha kidoleni halizunguki, lile la lovegrass ya kwetu ni la mviringo. Kwa hiyo nazungusha kila jani kabla ya kulitoa. Leo, kwa muda wa saa mbili na nusu, nimemaliza nafasi ya mkeka wa mtoto.

Nilizoea kujua kazi yangu kwa kutazama nyuma na kuona nilichomaliza. Hapa nikitazama nyuma hakuna tofauti yoyote.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mkeka wa mtoto mwingine.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mikeka miwili. Chibalonza amekuja na mto wa kupigia magoti, amenishonea na mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua! Usiku kucha na asubuhi yote. Nilifua mashuka nikitazama dirishani, mpaka msimamizi akaniuliza kama namngoja mtu.

Jumanne, 14 Oktoba

Na. 14 imetoka.

Nilikuwa peke yangu. Ncha mbili za kijani, ndogo kuliko punje ya mchele, zimetoka ubavuni mwa kigutu nilichokikata mimi mwenyewe, maana ile ilikuwa ngwe yangu. Nililala kifudifudi kwenye tope na sare ya kazini ili nione vizuri. Nikaipiga picha, nikamtumia Aketch. Alijibu neno moja, "Mamaaa."

Nimeamua kuandika hapa kila moja itakapotoka, na siku, na mvua ya siku hizo, na jirani yake ni nani.

Ijumaa, 17 Oktoba

Na. 15 na Na. 9. Mvua kidogo juzi. Na. 9 iko karibu na jiwe, upande wa kivuli.

Jumamosi, 25 Oktoba

Na. 2, 3, 22, 38. Jumla saba. Zilizo upande wa juu zinachelewa, nadhani udongo kule ni mwembamba. Ngwe ya Chibalonza haijatoa hata moja. Anaijia kila Jumamosi, anapiga magoti, anaondoka bila kusema. Yule mwenye maneno mengi kanisa zima.

Jumamosi, 8 Novemba

Jumla kumi na mbili. Na. 14 ina ua. Jeupe, lenye wekundu kidogo kwa nje, dogo hivi kwamba Chibalonza alivaa miwani ya kusomea Biblia.

Aketch alikaa nasi kula. Ameniambia mama yake kule Siaya ana jembe kama langu, na kwamba kila akipiga simu nyumbani mama humwuliza ni kazi gani hiyo ya kusomea majani. "Siku ile mmelima, niliskia vibaya juu ya mimea," akasema. "Lakini pia nilikuwa nimeona shamba safi. Nikaona ni kama ya mathe huko nyumbani. Hiyo ndiyo iliniuma."

Nilikuwa nikimwona msichana mwenye vyeti na haraka. Leo nimempa nusu ya chapati yangu.

Jumatano, 19 Novemba

Joto la digrii arobaini na moja. Nimeomba ruhusa kazini nikaenda mbugani na madumu mawili ya maji. Pimelea zimelegea, maua yameanguka, Na. 22 imekuwa kahawia. Aketch alinikuta langoni.

"Hapana, Mama Iteka."

"Kikombe kimoja kimoja tu."

"Ukimwaga maji, lovegrass ndiyo itakunywa kwanza. Na hizi zitaleta mizizi juu, zikufe wiki ijayo. Zinajua joto kutuliko."

"Nimelima tangu nina miaka sita. Hakuna mtu atakayeniambia nikae nitazame kitu kikifa."

"Basi kaa na mimi."

Tulikaa chini ya mti, madumu katikati yetu, tangu saa tano hadi saa tisa. Kuna saa nilisimama nikashika dumu. Hakunizuia. Nikaliweka chini. Nchi hii nimesafisha vyoo, nimebeba wazee, nimefua mashuka ya maelfu ya vitanda, lakini kazi iliyonishinda nguvu ni hiyo ya kukaa. Maji tuliyanywa sisi.

Jumamosi, 22 Novemba

Na. 22 imekufa juu. Nyingine zote zimeinuka. Sikulala vizuri siku tatu, leo nitalala.

Ijumaa, 28 Novemba

Jumla kumi na saba, nikiihesabu na Na. 22. Mvua ya jana imeleta Na. 11. Imebaki wiki moja. Ngwe ya Chibalonza bado ni tupu, na ina namba saba ndani yake, kuanzia 28 hadi 34. Amesema kwa sauti ndogo, "Ni zile maharagi zangu." Nikamwambia jembe lilikuwa wazo langu, maharage yake ni mdogo wa kosa langu. Hakucheka.

Ijumaa, 5 Desemba

Afisa alifika saa tatu na ubao wake na kofia yake. Wanawake wote sita tulikuja, tumevaa vitenge vya kanisani, tukasimama nje ya uzio kama alivyotuamuru. Mimi na Chibalonza tuliingia.

Alihesabu polepole, akipiga magoti kwa kila kibati. Na. 22 ilikuwa imetoa chipukizi jipya chini, akaikubali. Na. 40, ambayo mimi nilikuwa sijaiona, aliiona yeye. Alipofika mwisho alirudia. Kumi na nane.

Kumi na nane si ishirini, na hakuna aliyejaribu kusema ni sawa. Alisema anasikitika, na najua ni kweli. Aketch akaanza kumweleza habari ya joto na ukame, akasema mengi. Chibalonza alikuwa amekwishageuka kwenda langoni.

Hapo afisa akauliza kama kuna kumbukumbu yoyote ya siku gani zilichipua. Miaka yote wanahesabu mara moja kwa mwaka, alisema. Hakuna anayejua zinaanza lini baada ya kukatwa, kwa mvua kiasi gani. Aketch akanitazama. Nikatoa daftari la njano kwenye mkoba.

Aketch alimsomea ukurasa mmoja, akitafsiri. Na. 14, tarehe 14 Oktoba, siku tano baada ya mvua. Na. 9, upande wa kivuli. Zile za juu zimechelewa. Afisa alivua kofia. Akafungua kurasa moja baada ya nyingine, ingawa hakuelewa neno. Aliona tu namba na tarehe, namba na tarehe. Akaomba achukue daftari, wakalinakili ofisini.

Nilinyoosha mkono nikalichukua tena.

"Mwambie limeandikwa Kiswahili," nikamwambia Aketch. "Na ndani yake kuna habari za binti yangu, na za maharage, na za aibu yangu. Mwenye kulisoma ni mimi. Namba nitamsomea zote, leo, bure. Lakini zile ishirini na tatu ambazo hazijatoka, nani ataandika siku zitakapotoka? Kampuni huja mara mbili kwa mwaka na gari. Mimi nakuja na basi, kila siku. Mwambie daftari na mwenye daftari ni kitu kimoja."

Aketch alitafsiri bila kupunguza. Nilikuwa nikimsikiliza neno kwa neno, na Kiingereza changu kilitosha kujua hilo.

Afisa alisema hawezi kuamua peke yake. Atatujibu kwa barua. Nikakaa chini ya mti nikamsomea namba zote, naye akaandika.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimekwenda. Barua haijafika, lakini hata katazo halijafika. Mkeka mmoja.

Alhamisi, 11 Desemba

Barua imefika. Iteka ndiye aliyeisoma, mezani. Kundi letu linabaki miezi kumi na miwili, kwa masharti mawili: kumbukumbu iendelee kuandikwa kama ilivyoandikwa, na jembe lisivuke lango. Iteka aliisoma mara mbili. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili kilichovunjika, "Mama, kesho kutwa na mimi nakuja?"

Nikamwambia alete mto wa magoti.

Jumamosi, 13 Desemba

Manyunyu tangu alfajiri. Na. 30 imetoka, ngwe ya Chibalonza, pale pale palipokuwa na maharage. Ameiona mwenyewe kabla yangu, akaniita kwa mkono. Kumi na tisa. Bado moja kufika ishirini, hata kama anayeihesabu sasa ni mimi peke yangu.